Bushi nyeusi, shafti iliyolika: PEEK ya gredi isiyo yake kwenye pampu ya mafuta ya kula

Pampu ni ya gia. Inasukuma mafuta ya mawese yaliyokwisha kuondolewa harufu, yanapotoka kwenye kibadilisha joto yakiwa bado na nyuzi 165 za Selsiasi. Kiwanda ni cha mwambao, cha aina ile inayopokea mawese ghafi ya Malaysia na Indonesia bandarini na kuyasafisha hapo hapo. Kisa kimepangwa kwa ajili ya kufundishia: majina hayamo, na vipimo vimewekwa ili msomaji aweze kurudia hesabu mwenyewe. Kosa lenyewe, hata hivyo, mtu yeyote anayenunua plastiki za kihandisi kwa fito atalitambua.

Bushi za mwanzo, yaani mikono ambamo shafti huzungukia, zilikuja na pampu. Zilikuwa nyeusi, za PEEK, plastiki ya kihandisi inayostahimili joto kali, na zilikaa miaka 3. Zilipofikia ukomo, fundi wa lethi alichonga mpya kutoka fito nyeusi ya PEEK yenye kipenyo cha mm 60, kwa vipimo vile vile. Baada ya wiki 5 mtiririko ukaanza kupungua. Pampu ilipofunguliwa, shafti ya stenlesi 316 ilikuwa na mifereji inayoizunguka, mingine ikiwa na kina cha mm 0.15. Bushi zenyewe zilikuwa hazijalika sana, na hilo ndilo lililowachanganya watu. Plastiki imekula chuma.

Mshitakiwa wa kwanza huwa ni yule yule, nafasi kati ya shafti na bushi. Plastiki hutanuka, watu husema, basi imebana. Hoja hiyo inastahili hesabu, si kukubaliwa au kukataliwa kwa mdomo.

Shafti ina kipenyo cha mm 40. Hausingi, yaani mwili wa pampu unaoshika bushi, ni ya chuma cha kumimina yenye tundu la mm 50, kwa hiyo ukuta wa bushi ni mm 5. Bushi ikiwa imeshapigwa presi, nafasi ilipimwa kwa baridi ikawa mm 0.22 kwenye kipenyo. Sisitizo liwe kwenye neno “imeshapigwa”, kwa sababu presi hupunguza tundu la ndani karibu kwa kiasi kile kile cha mbano wa nje, na anayepima bushi ikiwa mezani hupima kitu ambacho hakitakuwepo ndani ya pampu. Kutoka nyuzi 25 hadi 165 ni tofauti ya nyuzi 140. Shafti ya 316 hutanuka sehemu 16 kwa milioni kwa kila nyuzi ya joto: 40 × 140 × 0.000016, yaani mm 0.09. Hausingi, kwa sehemu 11 kwa milioni, hupanuka mm 0.077. Ukuta wa PEEK una hesabu mbili, kwa kuwa plastiki hii hubadilika tabia ikivuka nyuzi 143. Chini ya hapo tuchukue sehemu 45 kwa milioni kwa kila nyuzi, juu yake 110, ambazo ni namba za tahadhari kwa plastiki iliyochanganywa na nyuzi za kuimarisha, kwa upande ulio kinyume na uelekeo wa nyuzi hizo. Nyuzi 118 za kwanza za joto na 22 za mwisho zinaleta ukuaji wa mm 0.039 kwa ukuta mmoja, mm 0.077 kwa kipenyo.

Hausingi imepanuka mm 0.077, kuta zimejaza mm 0.077. Zimefutana. Kilichobaki ni shafti kunenepa kwa mm 0.09, kwa hiyo nafasi ya moto ni mm 0.13. Bushi iliyobanwa pande zote husukuma ndani zaidi ya hesabu hii nyepesi. Lakini hata ukuaji wa kuta ukizidishwa mara mbili, mm 0.05 hubaki. Haikubana. Na ushahidi wa macho unakubali: bushi iliyobana hupakaza plastiki kwenye shafti, huwa na weusi wa kuungua na mng'ao wa kupikika kwenye mzunguko mzima. Hapa hakukuwa na hata kimoja. Kulikuwa na mikwaruzo safi.

Mshitakiwa wa pili alikuwa udongo wa kung'arishia mafuta, ambao ukipenya kwenye vichujio hugeuka msasa. Huyu aliachiliwa haraka. Bushi za zamani zilikaa miaka 3 kwenye mafuta yale yale, vichujio ni vile vile, na uso wa bushi mpya ulipoangaliwa kwa hadubini ya mara 50 haukuwa na chembe za udongo zilizopachikwa. Kilichoonekana kilikuwa ncha za nyuzi zilizochomoza, angavu, zikirudisha mwanga kama vumbi la chupa.

Kulikuwa na dalili nyingine, ya mapema zaidi, ambayo hakuna aliyeitilia maanani. Fundi wa lethi alimaliza ncha 2 za kukatia za kabaidi kwa kuchonga bushi 4 tu. Makali yalikuwa yakififia katikati ya kazi, na uso unatoka wa kijivu badala ya mweusi unaoteleza. Aliona ni ugumu wa PEEK. PEEK tupu haina ugumu huo. Hukatika kwa utepe mrefu na ncha moja ya kabaidi huchonga siku nzima. Kinachonyoa ncha ni kilichochanganywa ndani yake.

Jina moja, vitu vinne

PEEK iligunduliwa mwaka 1978 katika maabara za kampuni ya kemikali ya ICI, Uingereza. Huyeyuka kwa nyuzi 343, haidhuriwi na mafuta wala mvuke, na miongoni mwa vitu vichache vinavyoiyeyusha kwenye joto la kawaida kuna asidi kali ya salfuriki. Sifa hizo ni za resini, yaani plastiki yenyewe kabla ya kuchanganywa na kitu. Fito inayofika dukani mara nyingi ni resini pamoja na kitu kingine, na hicho kitu kingine ndicho kinachoamua kama inafaa kuwa bushi.

Kuna PEEK tupu, yenye rangi ya asili ya maziwa ya kahawia, msongamano 1.30 (gramu kwa sentimita moja ya ujazo). Kuna yenye asilimia 30 ya nyuzi fupi za kioo, msongamano 1.51, ngumu zaidi na isiyopitisha umeme. Kuna yenye asilimia 30 ya nyuzi za kaboni, 1.40. Na kuna ya beringi, ambayo mtengenezaji Victrex huiita 450FC30: asilimia 10 nyuzi za kaboni, 10 grafaiti, 10 tefloni, msongamano wa karibu 1.45. Grafaiti na tefloni hujipaka kwenye shafti na kuwa kilainishi, nyuzi za kaboni hubeba mzigo na kuondoa joto.

Sasa tazama rangi. Ya kaboni ni nyeusi. Ya beringi ni nyeusi. Ya kioo huwa ya kahawia iliyofifia, lakini huuzwa pia ikiwa imetiwa rangi nyeusi. Hata PEEK tupu kabisa huuzwa nyeusi kwa kuongezwa rangi. Mchoro wa kiwanda ulikuwa umeandikwa “PEEK, nyeusi”, na oda ikanakili hivyo hivyo. Muuzaji alileta kilichoombwa.

Mizani na maji

Kipande cha fito kilichobaki kilikatwa, kingo zikasuguliwa kwa msasa wa 400 ili mapovu yasijifiche, kikaoshwa na kukaushwa. Uzito hewani: g 8.462. Kilitundikwa kwa uzi mwembamba wa nailoni ndani ya maji yaliyochemshwa na kupozwa hadi nyuzi 25, yakiwa na tone moja la sabuni ya vyombo. Uzito ndani ya maji: g 2.857. Tofauti ni 5.605. Gawanya 8.462 kwa 5.605, zidisha kwa 0.997 ambao ndio msongamano wa maji kwa joto hilo, na jibu ni 1.505.

Jibu hilo liko jirani na la kioo. Lakini 1.45 na 1.51 hazitofautiani sana, asilimia 4 tu, na hapo ndipo wengi wanapojidanganya kwa mizani ya dukani. Mizani inayosoma g 0.1 kwenye kipande cha g 8 inaweza kupotosha kwa zaidi ya asilimia 2, na makosa mawili yakijumlishwa gredi mbili zinakuwa moja. Kama mizani nzuri haipo, dawa ni kuongeza ukubwa wa kipande: gramu 80 au 100 badala ya 8. Mapovu nayo hufanya kitu kionekane chepesi kuliko kilivyo, maana yake hukielekeza upande wa gredi ya beringi, ndilo kosa la hatari hapa. Sabuni ile si pambo.

Anayetaka kujua namba hizi zinatoka wapi achanganye mwenyewe: 0.7 gawanya kwa 1.30, ongeza 0.3 gawanya kwa 2.55 ya kioo, kisha 1 gawanya kwa jumla. Inatoka 1.52. Kwa gredi ya beringi inatoka 1.46. Fito halisi huwa chini kidogo ya hapo.

Tanuri

Msongamano unaonyesha njia. Majivu ndiyo yanayofunga mjadala. Kikombe cha kauri kilichomwa kwanza kikiwa kitupu hadi uzito wake ukatulia kwenye g 21.4036. Kikiwa na sampuli: g 23.5120. Sampuli basi ni g 2.1084. Tanuri lilipandishwa polepole hadi nyuzi 650 na kuachwa usiku mzima, mlango ukiwa na upenyo wa hewa.

Usiku mzima si uvivu. PEEK haiwaki ikaisha kama poliethilini. Huacha makaa mengi meusi ambayo lazima yaliwe na oksijeni taratibu. Anayetoa kikombe baada ya saa moja atakuta donge jeusi, atalipima, na kuandika asilimia 60 ya “kijazio”. Rudisha kikombe tanurini, pima tena, hadi vipimo viwili vifuatane bila kubadilika.

Tahadhari moja kabla ya kuwasha: kama inawezekana sampuli ina tefloni, moshi wake kuanzia nyuzi 400 hivi una gesi za florini zinazounguza mapafu. Tanuri liwe chini ya kofia ya kuvutia hewa, au kazi isifanyike. Chumba chenye dirisha lililo wazi hakitoshi.

Asubuhi kikombe kilikuwa na g 22.0388. Mabaki ni g 0.6352, sawa na asilimia 30.1. Na hata bila mizani, kikombe chenyewe kilisema: ndani mlikuwa na manyoya meupe yaliyoshikana, yenye umbo la kipande kilichokuwepo, yakibomoka ukiyagusa kwa sindano. Hayo ni kioo. Gredi ya beringi isingeacha hivyo. Tefloni hutoweka yote, kaboni huliwa na hewa, grafaiti huchelewa na huweza kubaki kama unga wa kijivu unaoteleza, kisha nao hupungua kila unaporudisha tanurini.

Njia hii haiwezi kupima kiasi cha kaboni, na ni vizuri kulisema wazi, kwa sababu maabara hupokea maombi hayo. Ukichoma gredi ya nyuzi za kaboni hewani utapata karibu sifuri na utadhani ni PEEK tupu yenye rangi. Kwa hiyo lazima resini iyeyushwe kwa asidi ya salfuriki na peroksidi, au ipimwe katika naitrojeni.

Je, ilikuwa PEEK kweli?

Swali hili lilibaki. Fito ya bei kama ya PEEK hushawishi watu kudanganya, na plastiki yenye kioo ikitiwa weusi huweza kuwa PPS, plastiki nyingine ya kihandisi, au hata nailoni. Miligramu 10 zilipelekwa kwenye mashine ya DSC, ile inayopima joto linaloingia na kutoka katika sampuli inapopashwa polepole. Kilele cha kuyeyuka kilikuja kwenye nyuzi 342. PPS ingeyeyuka karibu na 285, nailoni 66 karibu na 260. Ni PEEK.

Grafu hiyo hiyo inatoa jambo la pili, na hapa mpangilio wa vipimo una maana. Joto la kuyeyuka lilikuwa jouli 28 kwa gramu. PEEK ambayo ingekuwa fuwele tupu ingehitaji 130. Mtu akigawanya moja kwa moja anapata asilimia 21.5 na kuandika kwamba fito ilipozwa haraka mno kiwandani, fuwele hazikukomaa, ndiyo maana imeharibika. Ripoti ya namna hiyo ingependeza na ingekuwa ya uongo. Asilimia 30 ya kilichopimwa ni kioo, na kioo hakiyeyuki kwa nyuzi 342. Gawanya 28 kwa 0.70 kwanza: jouli 40, sawa na fuwele asilimia 31, kiwango kizuri. Pia hapakuwa na mlima mdogo wa kutoa joto karibu na nyuzi 170, ambao huonekana PEEK ikiwa imepozwa ghafla na bado ina deni la kujipanga. Ndiyo maana majivu hutangulia DSC.

Fito basi ilikuwa nzuri. PEEK halisi, kioo asilimia 30, imepozwa vizuri. Ingekuwa kihimili cha umeme au kiti cha boliti isingelalamikiwa na mtu. Ikiwa bushi, nyuzi za kioo zenye ugumu wa Vickers unaozidi 500 zilisugua shafti ya 316 isiyofika 200. Shafti ndiyo laini kati ya hivyo viwili. Kila uzi uliokatika ulibaki kwenye nafasi ile ya mm 0.13 na kuendelea kukata.

Cheti cha muuzaji kilipotolewa kwenye faili kilikuwa na herufi GF30, yaani nyuzi za kioo asilimia 30, mwishoni mwa namba ya bidhaa. Kilikuwepo tangu siku ya kwanza. Mpokeaji wa ghala alilinganisha kipenyo, urefu, rangi na neno PEEK, na vyote vinne vilikubali.

Mafuta yaliyokwisha kupita

Wakati mafundi wanajadili shafti, swali zito lilikuwa la upande mwingine. Ni mafuta ya kula, na vipande vya kioo vilikuwa vikitoka kwenye bushi kwa wiki 5. Nyuzi zilizosagwa hivyo huwa na upana wa mikroni 10 hivi na urefu wa makumi ya mikroni, na mfuko wa chujio unaotajwa kuwa wa mikroni 10 haupaswi kuaminiwa kwamba umezuia vyote, kwa kuwa uzi hupita kwa ncha.

Hatua sahihi ni kuzuia matangi yaliyojazwa katika kipindi hicho, kisha kuchukua lita 1 kutoka kila moja baada ya kukoroga, kwa sababu kioo huzama na sampuli ya juu huwa safi daima. Mafuta huyeyushwa kwa heksani, huchujwa kwenye utando mwembamba, na utando huangaliwa kwa hadubini ya mara 100 kwenye mwanga wa pembeni. Uzi wa kioo ni mnyoofu, unaangaza, kingo zake ni sambamba; nyuzinyuzi za pamba kutoka kwenye vitambaa vya kufutia zimejipinda. Tangi lenye kioo huchujwa upya na kupimwa upya kabla ya kuruhusiwa. Gredi yoyote inayoingia kwenye pampu hii iambatane na tamko la kugusana na chakula, kwa Ulaya ni chini ya kanuni namba 10/2011, na tamko hilo liwe la fito yenye vijazio vyake. La resini peke yake halijibu swali.

Kuchonga upya

Fito mpya iliagizwa kwa maneno haya: PEEK yenye asilimia 10 nyuzi za kaboni, 10 grafaiti, 10 tefloni, kipenyo mm 60, namba ya bechi na cheti cha 3.1 chini ya EN 10204, yaani cheti cha ukaguzi wa bechi yenyewe. Neno “nyeusi” liliondolewa.

Bushi zilichongwa kwa hatua mbili. Kwanza zikaachwa na mm 0.5 za ziada kila upande, kisha zikapikwa ili mkazo uliojificha ndani ya fito utoke kabla ya vipimo vya mwisho. Huanza kwa kukausha saa 3 kwa nyuzi 150. Baadaye joto hupanda nyuzi 10 kwa saa hadi 250, hukaa hapo saa moja kwa kila mm ya ukuta na si chini ya saa 4, hushuka nyuzi 10 kwa saa hadi chini ya 140, ndipo tanuri huzimwa na kuachwa lipoe likiwa limefungwa. Ukuta ulikuwa mm 6, kwa hiyo saa 6. Anayefungua mlango kwa haraka ya mwisho wa zamu hurudisha mkazo aliokuwa anautoa, na tundu litakuwa na umbo la yai baada ya siku chache za moto.

Safari hii ncha moja ya kabaidi ilichonga bushi zote 4.

Shafti haikusuguliwa tu. Gredi ya beringi nayo ina nyuzi za kaboni, na 316 tupu si mwenzi wake mzuri. Ilivishwa mkono wa stenlesi 440C iliyokomazwa hadi HRC 50 na zaidi kwa kipimo cha ugumu cha Rockwell, ukanolewa hadi ukwaruzo wa mikroni 0.4. Chuma hicho hutanuka sehemu 10.4 hivi tu kwa milioni kwa kila nyuzi, kwa hiyo kwa nyuzi 140 hukua mm 0.058 badala ya 0.09. Nafasi ya moto, ingeachwa mm 0.22 ya baridi, ingefika mm 0.16, na pampu ingevujisha kidogo ndani kwa ndani. Ya baridi ikapunguzwa hadi mm 0.20.

Ghala lilipewa utaratibu wa kupokea usiozidi nusu saa: kata pete ya mm 15 kutoka mwisho wa fito, ipime hewani na majini, andika msongamano kando ya namba ya bechi. Kati ya 1.43 na 1.46, fito inaingia rafuni. Nje ya hapo, pete inakwenda tanurini na fito inasubiri. Sentimita 40 zilizobaki za fito ya kioo hazikutupwa. Zilipakwa mstari mwekundu wa urefu mzima, si alama ya mwishoni ambayo huondoka na kipande cha kwanza, na zikahamishiwa kwenye rafu ya mafundi umeme.